Yai likizama, alama apewe nani?

Jaribio la yai ni maarufu katika sayansi ya shule ya msingi. Kwenye maji yasiyo na chumvi linazama, kwenye maji ya chumvi linaelea. Mtoto wa Tanga akiambiwa hivyo anafanya jambo la akili kabisa: anachukua dumu, anateremka ufukweni Sahare au Raskazone, anachota maji ya bahari, anayafikisha darasani na kulitumbukiza yai. Yai linakwenda chini moja kwa moja na kukaa huko.

Kinachofuata tunakijua. Mwalimu anasema jaribio limeharibika, anaandika ubaoni kwamba yai huelea kwenye maji ya chumvi, darasa linanakili, kengele inalia. Siku ya mtihani swali linakuja, mtoto anatia kivuli kwenye herufi inayotakiwa na kupata alama yake. Yule mkaidi aliyejibu alichokiona kwa macho yake anaikosa.

Ilhali hakuna kilichoharibika. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na chumvi hiyo inayafanya maji kuwa mazito kuliko ya mvua kwa chini ya asilimia 3 tu. Yai bichi lililotagwa juzi ni zito kuliko maji ya mvua kwa asilimia 8 hivi. Bahari haina ubavu wa kulibeba. Ili lielee, chumvi inatakiwa izidi mara tatu ya ile ya baharini, yaani gramu 100 na ushee katika lita moja. Maji ya namna hiyo tunayo: ni yale yaliyopigwa na jua siku kadhaa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kabla chumvi yenyewe haijaanza kuganda. Mtoto akileta chupa moja ya maji hayo, yai litaelea mpaka kipande chake kidogo kionekane juu.

Halafu kuna jambo la pili, tamu zaidi. Yai likikaa siku nyingi, unyevu wake hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda na hewa kuchukua nafasi, hivyo linazidi kuwa jepesi. Ndiyo maana mama zetu hulitia kwanza kwenye bakuli la maji kabla ya kulivunjia kikaangoni. Sasa tuseme yai la kundi moja limeelea kwenye maji ya bahari na la kundi jingine limezama. Ni maji, au ni yai? Mtoto atakayesema, "Mwalimu, hebu tulitie hilo lililoelea kwenye maji ya bomba tuone," amefanya kazi ambayo mtafiti yeyote mzima angeifanya. Ametenganisha sababu mbili zilizochanganyika.

Hatua hiyo ndogo ndiyo sayansi ya darasa la nne. Ndiyo inayopaswa kupimwa, na katika utaratibu wetu wa sasa hakuna mahali inapopata hata nusu alama.

Nianze kwa kuwa mwadilifu kwa Baraza la Mitihani. Watahiniwa wa darasa la saba ni zaidi ya milioni moja kila mwaka. Tangu 2012 majibu yao husahihishwa kwa mashine, na ingawa baadaye maswali machache ya kuandika jibu yaliongezwa, sehemu kubwa imebaki ya kuchagua. Hakuna nchi inayoweza kumwekea kila mtoto kati ya milioni hao beseni, yai na msimamizi wa kumtazama anavyofikiri. Kwa hiyo mtihani unapima kinachopimika kwa mashine. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba kila kitu kilichoko chini ya mtihani huo kimejigeuza kuwa mtihani huo. Majaribio ya wiki, ya mwezi, mtihani wa nusu muhula, utamirifu wa kata, wa wilaya, wa mkoa: vyote ni A, B, C, D, E. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake, wenye macho, vidole na ndimi za kuulizwa, anajifanya naye ni mashine. Na swali lenye majibu matano humlipa hata anayepiga ana-ana-ana-do. Kwa wastani atapata moja katika kila matano bila kusoma swali.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Tangu 2005 tunazungumza habari ya mtaala unaojengwa juu ya umahiri. Mitaala mipya ilipoanza Januari 2024, kwa darasa la kwanza na la tatu, msisitizo huo ulirudi kwa nguvu zaidi, na miongozo inataja orodha hakiki, mkoba wa kazi na upimaji kwa vitendo. Walimu wanayajua maneno haya. Wameyaandika kwenye maandalio ya somo mara nyingi mno. Lakini mwalimu si mjinga. Anajua akija Afisa Elimu Kata ataulizwa wastani wa ufaulu, hataulizwa ni watoto wangapi wameanza kurudia kipimo bila kuambiwa. Kinachoulizwa ndicho kinachofanywa.

Sasa, tunapima vipi mambo haya bila kuleta balaa jingine? Hapa nawaomba wanaopenda neno "vitendo" wavumilie kidogo, kwa sababu vitendo pekee havithibitishi chochote. Nimeona masomo ya vitendo ambayo ni maonyesho: mwalimu anafanya mbele, watoto wanapiga makofi. Nimeona pia ya makundi, watoto kumi kwenye beseni moja, wawili wanashika, mmoja anaandika, saba wanasukumana. Mwisho kundi zima linapewa alama nane kwa kumi. Hiyo alama ni ya nani?

Chukua mkonge, zao lililoletwa huku na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuupa mkoa huu jina duniani. Singa za mkonge hazinunuliwi kwa bei ya kutisha, na ukiwa jirani na shamba unapewa bure. Wape watoto singa, chupa tupu ya maji ya kunywa, kikombe cha kupimia na swali moja: singa ikilowa, inakuwa imara zaidi au dhaifu zaidi? Chupa inafungwa kwenye ncha ya singa, maji yanamiminwa kidogo kidogo mpaka ikatike. Mizani haihitajiki, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Jaribio linachukua kipindi kimoja, mvua ikinyesha linaendelea.

Sitawaambia jibu. Uzuri wa swali hili kwa mpimaji ni kwamba hata mwalimu anaweza kuwa hajui jibu, kwa hiyo hana cha kuandika ubaoni. Tazama watoto watakavyofanya. Wengine watakata singa moja kavu na moja iliyolowa, wataandika mshindi na kukaa. Baadhi watagundua kwamba singa zenyewe hazilingani unene, na wataanza kuzichambua. Wachache watakata tano kavu na tano zilizolowa, watashangaa kuona kavu zenyewe zinapishana sana, na watakwama: tuseme nini sasa? Mtoto aliyekwama hapo amefika mbali kuliko aliyemaliza mapema. Mtihani wa kuchagua ungewapa wote alama sawa, au ungempa zaidi yule wa kwanza kwa kuwa na uhakika.

Mambo haya yamefanyiwa utafiti, na matokeo yake yanafaa kujulikana na kila anayepanga upimaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko California, Richard Shavelson na wenzake waliwapa watoto wa shule za msingi kazi za mikono. Moja ilikuwa kutafuta ni karatasi ipi ya kufutia inayonyonya maji zaidi. Nyingine ilikuwa ya masanduku sita yaliyofungwa: moja ndani lina betri, jingine waya, jingine halina kitu, na mtoto anatakiwa kuyaunga na balbu na betri zake ili abaini kilichomo bila kufungua. Mtafiti alikaa pembeni akiandika kila alichofanya mtoto. Kisha wakajiuliza kama kuna njia ya bei nafuu ya kupata habari ileile.

Waliona kwamba daftari ambalo mtoto mwenyewe ameandika alichofanya na kwa nini, lilikaribia sana kutoa picha ileile aliyoipata mtazamaji aliyekaa naye. Maswali ya kuchagua hayakukaribia hivyo. Waliona pia kwamba watu wawili wakifundishwa vizuri wanaweza kusahihisha kazi hizo na kukubaliana bila shida kubwa. Tatizo lilikuwa kwingine kabisa: mtoto aliyeng'ara kwenye karatasi za maji aliweza kuboronga kwenye umeme, na kinyume chake. Ili useme kwa uhakika kwamba mtoto huyu yuko juu ya yule, kazi moja haitoshi, wala mbili. Unahitaji nyingi, karibu kumi au zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodai kuwe na "praktiko" kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kama ilivyo kidato cha nne. Praktiko moja ya siku moja ingekuwa bahati nasibu. Aliyekuta kwenye karatasi jambo analolijua nyumbani angepita, jirani yake angeanguka, na sote tungeamini tumepima akili. Zaidi ya hayo, zingechapishwa "praktiko zilizopita pamoja na majibu" mwezi uleule, na watoto wangekariri namna ya kuzamisha yai.

Waingereza waliyaonja haya. Mwaka 1991 watoto wao wa miaka saba walipimwa kitaifa kwa kazi za vitendo, mojawapo ikiwa ya vitu vinavyoelea na vinavyozama. Mwalimu alitakiwa kukaa na vikundi vidogo vidogo, kuwatazama, kuwauliza, kujaza fomu. Kazi ikala wiki kadhaa. Darasa lililobaki halikuwa na wa kulifundisha. Kelele zikawa nyingi, kazi zikapunguzwa, na mwaka 1993 vyama vya walimu vikasusia mitihani. Baadaye sayansi ya watoto wadogo iliachwa mikononi mwa mwalimu wa darasa, na kalamu na karatasi zikarudi kwa wakubwa. Nia ilikuwa njema. Walichokosea ni kuchukua kitu kinachofaa kufanywa pole pole mwaka mzima, wakakishindilia kwenye majira ya mitihani.

Wamarekani walikwenda kwa njia nyingine. Upimaji wao wa taifa hauwapi watoto vyeti wala hauwachagui kwenda popote. Unachukua sampuli tu ili nchi ijue iko wapi. Mwaka 2009 waliongeza kazi za mikono na za kompyuta kwenye sayansi. Matokeo yake yana namba moja ninayoipenda na kuihuzunikia. Watoto wa darasa la nne asilimia 71 waliweza kuchagua jibu sahihi kuhusu ujazo unavyobadilika barafu inapoyeyuka. Walipotakiwa kulitetea jibu hilo kwa ushahidi wa uchunguzi walioufanya, walioweza walikuwa asilimia 15. Nchi yenye maabara, vitabu vya rangi na madarasa ya watoto ishirini na kitu! Pengo hilo kati ya kujua jibu na kujua kwa nini ni jibu, sisi hatujawahi hata kulipima, kwa hiyo hatuna haki ya kudhani kwetu ni dogo.

Pendekezo langu ni dogo, halihitaji mradi. Miradi tumeiona. Inakuja na magari, fulana na semina za siku tatu, kisha inatufanyia kama msemo wetu wenyewe wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Kila mtoto kuanzia darasa la tatu awe na daftari moja la uchunguzi, na daftari hilo lisiwe la kunakili ubaoni. Hiyo ndiyo sheria pekee. Mwalimu asiandike jibu ubaoni mpaka watoto wawe wameandika lao. Kabla ya kugusa kitu, mtoto anaandika anachodhani kitatokea na sababu yake. Baada ya hapo anaandika alichofanya, alichoona, na kama bado anashikilia alichodhani mwanzo. Tahajia isihesabiwe. Michoro ikubaliwe, kwa sababu wapo watoto wa darasa la tatu ambao mkono wao bado mzito kwenye herufi lakini wanachora beseni, yai na mstari wa maji kwa usahihi wa fundi. Na asiyeweza kuandika kabisa aulizwe kwa mdomo. Kiswahili ni lugha yake, atasema.

Mwalimu naye asisahihishe madaftari themanini. Akisahihisha themanini kila wiki ataanza kuweka tiki bila kusoma, na nani atamlaumu? Asome manane kila kipindi cha uchunguzi. Baada ya uchunguzi kumi atakuwa amefika kwa kila mtoto. Katika kila daftari atafute mambo machache tu: je, mtoto amepima kwa haki, yaani amebadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo? Amerudia? Alichohitimisha kimetoka kwenye alichoona, au kimetoka kwenye kitabu? La tatu ndilo zito. Kwenye daftari la yai lililozama, mtoto aliyeandika "limezama, kwa hiyo pengine chumvi ya baharini haitoshi" anapata alama zote. Aliyeandika "limeelea" kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyosema, huku beseni lipo mbele yake na yai liko chini, huyo ndiye wa kuitwa pembeni na kuzungumza naye. Si kwa fimbo. Ameshafundishwa kuyakana macho yake, na kosa hilo si lake.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila nikiizungumza habari hii na walimu hulitoa. Vifaa je? Nitalijibu haraka kwa kuwa limepewa uzito usiostahili. Sayansi ya darasa la tatu hadi la sita inataka makopo, maji, mbegu, misumari, udongo, kamba, sumaku ya spika mbovu na jua. Msumari wa chuma kwenye chupa tatu, ya maji ya bomba, ya maji ya bahari na isiyo na maji, ni wiki mbili za maandishi mazuri kuhusu kutu, jambo ambalo kila mwenye bati au baiskeli katika mji huu wa chumvi analijua kwa maumivu. Viluwiluwi vya mbu havinunuliwi. Na Muheza hapo jirani kuna kituo cha Amani cha taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, mrithi wa jina la mahali ambapo utafiti umefanywa tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao kwenye milima ya Usambara mwaka 1902. Mkoa huu haujawahi kuwa mgeni wa uchunguzi. Watoto wake ndio wamewekwa mbali nao.

Kwenye vifaa kuna kipengele kimoja tu kinachonisumbua kweli, nacho ni umeme. Vitabu bado vinachora balbu ya tochi yenye waya mwembamba ndani. Balbu hizo madukani zimekuwa adimu. Tochi za siku hizi zina taa za LED. Mtoto akiichomoa LED nyeupe kwenye tochi mbovu na kuiunga na betri moja ya volti 1.5, haiwaki. Anaongeza betri ya pili, haiwaki bado, kumbe ameigeuza miguu. Anaigeuza, inawaka. Kwa mwalimu anayefuata kitabu hilo ni fujo tupu. Kwa anayesoma madaftari ni zawadi, kwa sababu mtoto atalazimika kuandika mfululizo wa majaribio yaliyoshindwa na alichojifunza kwa kila moja. Lakini mwalimu huyo naye anahitaji mtu wa kumwambia mapema kwamba LED ina upande, vinginevyo ataaibika mbele ya darasa na kipindi hicho hatakirudia mwaka mzima. Semina zetu zingefaa zaidi kama zingetumia asubuhi moja kwa mambo ya namna hii badala ya kufafanua tena maana ya umahiri.

Swali zito kuliko la vifaa ni la uaminifu. Alama zikitoka kwa mwalimu, si atawapendelea watoto wake? Atawapendelea, kama alama hizo zitaamua nani anakwenda wapi na shule ipi ni ya ngapi kiwilaya. Ndiyo maana nasema zisiamue. Mwelekeo wenyewe wa sera unaturuhusu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 ndio walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya wanamaliza la sita, sambamba na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani. Mtoto ambaye sera inamtaka aendelee sekondari hana haja ya chekeche la kumchuja mlangoni. Anahitaji mtu wa kumwambia mwalimu wake wa kidato cha kwanza kwamba huyu anaweza kupima lakini hajui bado kulinganisha. Kwa kazi hiyo mwalimu hana sababu ya kudanganya, kwa kuwa uongo haumnufaishi yeyote.

Na kwa wasioridhika na hilo, wathibiti ubora wa shule wapo. Wakija, waombe madaftari matano bila kuchagua na wayasome. Dakika kumi zinatosha. Sentensi za madaftari hayo zikifanana neno kwa neno, ubao umezungumza. Zikitofautiana, zikiwa na makosa, zikiwa na "nilidhani" na "kumbe", hapo pana kazi inayofanyika. Huwezi kughushi makosa ya watoto themanini. Ni kazi kubwa kuliko kuwafundisha.

Kuna jambo jingine ambalo upimaji huu utalifichua, na sidhani wote watalipenda. Orodha ya nani ana akili darasani itavurugika. Wape watoto wa mwambao uchunguzi wa maji kujaa na kupwa: nguzo ya gati au mti uliotiwa alama, kipimo kila siku saa ileile kwa mwezi mmoja, na mwezi wenyewe angani ukichorwa pembeni, huku mzazi au mtu mzima akiwa jirani. Kisha watabiri: Jumamosi ijayo saa nne asubuhi maji yatakuwa wapi? Mtoto wa mvuvi wa Mwambani au Kigombe, anayeshika nafasi ya sabini kwenye kila mtihani, anajua tangu zamani kwamba maji huchelewa karibu saa moja kila siku inayopita, na kwamba bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kuliko kwa siku nyingine, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Atatabiri, atapatia, na ataeleza. Yule wa kwanza darasani, aliyezoea kupata mia kwa kukariri, pengine atakodoa macho. Kumpima mtoto wa namna hii kwa herufi tano ni kama kumpima nahodha kwa kumwuliza rangi ya tanga.

Simtetei mtoto wa mvuvi kwa huruma. Naye ana la kuulizwa: mbona huchelewa karibu saa moja na si mbili, na wewe umejuaje, kwa kuambiwa na baba au kwa kupima? Akijibu "baba kasema", bado hajafika. Daftari linambana yeye vilevile kama linavyombana aliyekariri kitabu, maana maneno ya mkubwa na maneno ya kitabu, mbele ya kipimo, yana cheo kimoja.

Tumalizie na ripoti inayokwenda nyumbani. Kwa sasa mzazi wa Makorora au Chumbageni anapokea karatasi yenye mstari: Sayansi, 31, nafasi ya 46 kati ya 83. Afanye nini na habari hiyo? Wengi wetu tunajua anachofanya. Mtoto anasemwa kwa maneno makali au anachapwa. Mwalimu aliyesoma daftari hata mara mbili kwa muhula anaweza kuongeza sentensi moja chini ya namba hizo: "Anapima vizuri na kuchora vizuri, lakini akipata jibu la kwanza harudii." Kuiandika kunachukua nusu dakika. Mzazi anayeuza samaki, anayeshona au anayechomelea vyuma anaielewa papo hapo, kwa sababu kazini kwake asiyerudia kipimo huharibu mali, na jioni hiyohiyo anaweza kumkalisha mwanawe na futi ya fundi akamwambia: pima tena.